Chunusi za kidevuni kwa mwanamke mtu mzima: kuzitibu hatua kwa hatua

Paji la uso safi, mashavu safi, lakini kila mwezi kidevu kinaumuka. Na si vile vipele vya juu juu. Kinaanza kama uzito chini ya ngozi: ukipitisha kidole unagusa kitu kigumu kama punje, kinauma hata ukiegemeza kidevu mkononi, ila kwenye kioo huoni kitu. Kesho yake pameiva wekundu, au kwa ngozi nyeusi pamekuwa na weusi mzito unaong'aa. Siku ya nne kimevimba na bado hakijatunga usaha wa kuonekana. Kinaweza kukaa wiki mbili au tatu, na kikiondoka kinaacha doa la miezi.

Huo ndio mwenendo wa chunusi za homoni kwa mwanamke aliyevuka miaka 25. Zinatibika, ila kwa ratiba yake. Anayezikimbiza moja moja kila zinapotokea huwa nyuma yake daima, kwa sababu utakayoiona hapa chini.

Kinachoendelea chini ya ngozi

Kila mwanamke ana androjeni, zile homoni tunazozoea kuziita za kiume. Kwa watu wazima, tezi za mafuta za kidevu na taya ni nyepesi kuziitikia. Androjeni zikizichochea, mafuta huongezeka. Seli zinazotakiwa kupukutika ndani ya kinyweleo hushikana na kukiziba. Bakteria wanaoishi humo, Cutibacterium acnes, hustawi kwenye mafuta yaliyokwama. Mwili nao hujibu kwa kuvimba. Siku chache kabla ya hedhi estrojeni, homoni ya kike, hushuka na androjeni hubaki zikitamba, ndiyo maana mambo huchacha wiki hiyo.

Kuna mawili ya kushika hapa. La kwanza, wanawake wengi wenye chunusi hizi wakipimwa damu, homoni zao ni za kawaida. Tatizo ni usikivu wa tezi zenyewe. Kwa hiyo majibu mazuri ya maabara hayamaanishi kwamba unajisingizia ugonjwa, wala hayamaanishi kwamba dawa za homoni hazitakusaidia.

La pili: kinyweleo kilichovimba leo kilianza kuziba wiki kadhaa zilizopita, pengine nane. Ngozi inayoonekana safi pembeni ya chunusi tayari ina vingine vilivyo njiani. Dawa inapakwa eneo zima, kila siku, hata wiki ambayo huna chunusi hata moja. Wengi wanaosema dawa fulani "haikunisaidia" walikuwa wakiidondoshea juu ya chunusi, siku tatu, kisha wakaiweka kabatini.

Hatua ya 1: Jua unachotibu

Shika daftari kwa miezi miwili. Siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya 1. Kila jioni hesabu vivimbe vipya tu, vya jana usivirudie, kuanzia chini ya mdomo, kidevu, mstari wa taya hadi sehemu ya juu ya shingo. Piga picha mara moja kwa wiki: dirisha lilelile, saa ileile, mbele na pande zote mbili. Usipige chini ya taa ya bafuni, kwa sababu kivuli chake kinabadilika ukisogea kidogo tu na utajidanganya.

Namba ikipanda siku 7 hadi 10 kabla ya hedhi, kisha ikashuka damu ikianza, una jibu lako. Zisipopanda wala kushuka bado zinaweza kuwa za homoni, hasa kama njia yako ya uzazi wa mpango imekusimamishia hedhi. Lakini hapo chunguza kwanza vitu vitatu vinavyofanana nazo.

Nywele zilizojikunja ndani. Kama unang'oa, unanyoa au unatoa kwa nta nywele za kidevuni, tazama kivimbe kwa karibu kwenye mwanga mkali: mara nyingi utaona uzi mweusi umejipinda chini ya ngozi. Dawa ya kwanza hapo ni kuacha kung'oa. Zipunguze kwa mashine ndogo ya umeme inayobakiza kama milimita moja, au fikiria leza, na mtaalamu awe anayejua kuchagua aina ya leza kulingana na weusi wa ngozi yako.

Vipele vidogo vya kuzunguka mdomo, vinavyochonyota zaidi ya kuuma, huku ukanda mwembamba kando ya midomo ukibaki safi. Hivi si chunusi. Mara nyingi huletwa na krimu yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, na dawa za chunusi huviwasha zaidi. Daktari wa ngozi anavitambua kwa macho tu.

Na chunusi za steroidi zenyewe: vipele vingi, vyote vya ukubwa mmoja, vilivyozuka kwa mkupuo kwa mtu anayepaka krimu ya kung'arisha uso. Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Anayezitumia ili kufuta madoa ya chunusi anaruka majivu na kukanyaga moto. Ukiwa umeipaka kwa miezi, uso unaweza kuchachamaa ukiiacha ghafla, kwa hiyo muone daktari akupangie namna ya kuiacha.

Kuna dalili zinazodai vipimo kabla hujaendelea na krimu. Hedhi zinazopishana zaidi ya siku 35, au chini ya nane kwa mwaka. Nywele nene kidevuni, kifuani au chini ya kitovu. Nywele za utosini kupungua. Ngozi ya shingoni au kwapani kuwa nyeusi na nene kama mahameli. Hizi zinaelekeza kwenye ile hali ya ovari ambayo wengi wanaijua kwa kifupi chake, PCOS. Ili kuthibitishwa inahitaji mambo mawili kati ya matatu: yai kutopevuka kwa mpangilio, dalili au vipimo vya androjeni nyingi, na ovari zenye vifuko vingi kwenye picha. Ukiambiwa una PCOS kwa ultrasaundi peke yake, uliza maswali. Mweleze daktari pia kama unatumia njia yoyote ya homoni, maana huficha majibu ya damu.

Sauti ikinenepa, misuli ikiongezeka na nywele zikaota kwa kasi ndani ya miezi michache, usisubiri mwezi ujao. Nenda hospitali sasa.

Hatua ya 2: Angalia unachomeza na ulichowekewa

Njia za uzazi wa mpango zenye projestini (homoni ya kutengenezwa inayoiga projesteroni ya mwili) peke yake zinaweza kuchochea chunusi kwa baadhi ya wanawake: sindano, kijiti, kitanzi chenye homoni, na kile kidonge cha projestini pekee. Vidonge vyenye estrojeni na projestini kwa pamoja kwa kawaida hufanya kinyume, hupunguza. Ndiyo maana mwanamke aliyekuwa na ngozi safi kwa miaka akiacha vidonge hivyo huweza kushtukia kidevu miezi michache baadaye, akadhani ni sabuni mpya. Linganisha tarehe kwenye daftari. Usitoe kijiti wala kuacha sindano bila kuwa na njia mbadala mkononi. Mimba usiyoipanga itakufungia nusu ya dawa zilizotajwa hapa.

Vingine vya kukagua: vidonge vya vitamini B12 vya dozi kubwa, unga wa protini ya maziwa wanaokunywa watu wa mazoezi, virutubisho vyenye homoni ya DHEA, vidonge vya steroidi, lithiamu (dawa ya akili), fenitoini (ya kifafa) na isoniazidi (ya kifua kikuu). Dawa ya hospitali usiiache kwa ajili ya chunusi, mwambie aliyekuandikia.

Kuhusu chakula, tuseme kwa ufupi. Sukari na wanga uliokobolewa huongeza insulini, na insulini husukuma androjeni. Kwa baadhi ya watu maziwa nayo huchangia. Kupunguza kunasaidia kiasi. Kuacha kila kitu kwa wakati mmoja kwa sababu ya kidevu hatukushauri, na maji mengi hayatibu chunusi hata unywe ndoo.

Hatua ya 3: Wiki mbili za kutuliza ngozi

Weka kando vyote ulivyokuwa ukipaka: chembechembe za kusugulia, maji ya kukaza ngozi yenye spiriti, maski, mafuta mazito. Dawa yoyote ikiwekwa juu ya ngozi iliyochubuka itachoma, utaiacha, na utailaumu bure.

Asubuhi na jioni nawa kwa dakika moja na kisafishio laini kisicho na manukato, maji ya uvuguvugu, vidole tu. Sabuni nyingi za mche zina alkali kali kuliko ngozi inavyopenda, zinakausha, na ngozi iliyokauka haivumilii dawa. Kausha kwa kugusagusa na taulo. Paka mosturaiza nyepesi yenye gliserini au seramidi. Asubuhi malizia na losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi, ujazo wa mistari miwili ya vidole, shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Kwa ngozi nyeusi chagua yenye rangi: ile rangi ni oksidi za chuma, ambazo huzuia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa, kitu ambacho losheni nyeupe ya kawaida haikifanyi vizuri.

Mafuta ya nazi na siagi ya kakao yaache kwa ajili ya miguu. Mafuta ya nywele nayo yasishuke hadi taya. Ukilala na nywele zilizopakwa, zifunge.

Hatua ya 4: Dawa za kupaka

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapojikwaa kwenye kipimo na utaratibu. (Majina ya dawa kwenye tyubu yana tahajia ya kimataifa, yasome kwa sauti, utayatambua.)

Nguzo ya usiku ni retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A. Ya kuanzia iwe adapalini ya asilimia 0.1. Kazi yake ni kuzuia seli zisishikane ndani ya kinyweleo, yaani inakata tatizo kwenye lile shina la wiki nane. Nguzo ya asubuhi ni benzoili peroksidi, inayoua bakteria bila kuwazoesha dawa. Chukua ya asilimia 2.5. Ya 10 haina nguvu zaidi ya maana. Inachozidisha ni kukausha na kubabua.

Kipimo cha adapalini kwa uso mzima ni punje moja ya njegere. Kwa kidevu, taya na sehemu ya juu ya shingo, nusu ya hiyo. Iweke kwenye ncha ya kidole kimoja, kisha gusa sehemu tano: moja kidevuni katikati, moja kila upande wa kidevu, moja kila upande wa taya. Baada ya hapo ndipo usambaze, ukitoka katikati kwenda nje, mpaka isionekane. Ikibaki nyeupe inang'aa, umezidisha. Ukiisambaza kutoka rundo moja, mahali ulipoanzia ndipo patakapochubuka, na utadhani ngozi yako haipatani nayo.

Kabla ya kuipaka, ngozi iwe kavu kabisa: subiri dakika 15 hadi 20 baada ya kunawa. Ngozi yenye unyevu hunyonya dawa nyingi kwa haraka na kuwaka. Pembe za midomo na mikunjo ya pua zipake vaselini nyembamba kwanza, maana dawa hujikusanya huko ukiwa umelala. Kama ngozi yako ni nyepesi kukasirika, tanguliza mosturaiza, paka adapalini, kisha mosturaiza tena juu yake.

Mpangilio wa wiki, ukihesabu zile mbili za kutuliza:

Wiki ya 3 na ya 4: adapalini usiku mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Asubuhi ni kunawa, mosturaiza na losheni ya jua tu.

Wiki ya 5 na ya 6: adapalini usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Asubuhi anza benzoili peroksidi, tabaka jembamba eneo lilelile, siku moja ndiyo, moja hapana.

Kuanzia wiki ya 7: adapalini kila usiku na benzoili peroksidi kila asubuhi, kama ngozi imekubali. Isipokubali, baki pale ulipo. Usiku tatu kwa wiki bila kukosa kwa miezi sita ni bora kuliko kila usiku kwa siku tisa.

Kati ya wiki ya 2 na ya 6 tangu uanze adapalini, chunusi zinaweza kuongezeka. Zile zilizokuwa zikisubiri chini zinapanda juu kwa pamoja. Ni wakati mgumu na ndipo tyubu nyingi hutupwa. Namna ya kutofautisha na mzio: chunusi zinazotokea mahali pako pa siku zote ni za kawaida, mwasho mkali, uvimbe wa kope au vipele vya maji mahali ambapo hujawahi kupata chunusi si kawaida, acha dawa na uonane na daktari.

Ngozi ikipauka na kuchubuka magamba membamba, ruka usiku mbili tatu kisha rudi na ratiba ya chini. Ikichonyota hata ukipaka mosturaiza tupu, simama wiki nzima. Kwa mwenye ngozi nyeusi hili ni la kuzingatia kuliko wengine, kwa sababu muwako wa dawa wenyewe huacha doa jeusi. Anayekwenda kwa papara huishia na madoa ya chunusi na ya dawa.

Benzoili peroksidi hufuta rangi ya nguo. Tumia taulo na foronya nyeupe, na iache ikauke kabla ya kuvaa blauzi ya shingo ndefu. Ihifadhi mahali pa baridi, si ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto kali huivunja na kutoa benzini. Adapalini haiharibiki ikikutana na benzoili peroksidi. Tretinoini ya kawaida, retinoidi nyingine, huharibika, kwa hiyo kama daktari amekupa hiyo, moja ikae asubuhi na nyingine usiku, zisikutane. Anayetumia retinoidi yoyote asitoe nywele za uso kwa nta, maana nta huondoka na ngozi. Kama lazima, acha dawa wiki nzima kabla.

Asidi ya azelaiki, jeli ya asilimia 15 au krimu ya 20, inastahili sifa kuliko inavyopewa. Inapakwa mara mbili kwa siku, inatuliza uvimbe na kufifisha madoa kwa wakati mmoja, na mjamzito anaweza kuitumia. Inawasha kidogo wiki za mwanzo, kama chungu wanatembea, kisha inaacha. Kama ngozi yako imeikataa adapalini hata kwa usiku mbili kwa wiki, hamia hapa. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 inasaidia vichwa vyeusi na vyeupe. Kwa vivimbe vya ndani peke yake haifui dafu.

Pima matokeo wiki ya 12 tangu uanze, kwa kulinganisha picha na namba za daftari. Usipime kwa kioo cha asubuhi ya siku ya 26 ya mzunguko. Siku hiyo kila dawa itaonekana imeshindwa.

Hatua ya 5: Kivimbe ambacho kimeshatoka

Usikikamue. Kivimbe cha ndani hakina njia ya kutokea juu. Ukikiminya, ukuta wake hupasukia ndani, usaha husambaa chini ya ngozi, na kilichokuwa cha wiki moja kinakuwa cha mwezi na kovu juu yake.

Siku mbili za mwanzo kinapouma, funga barafu kwenye kitambaa safi na uiweke dakika 5, pumzika, rudia. Mara mbili au tatu kwa siku. Barafu tupu juu ya ngozi huiunguza. Kikianza kutunga usaha na kuwa na ncha, badilisha: kitambaa cha maji ya moto yanayovumilika, dakika 10, kisha kiache kijifungue chenyewe. Kikishafunguka, bandika kile kibandiko cha jeli cha chunusi kinyonye majimaji na kuzuia vidole vyako visirudi. Kibandiko hichohicho juu ya kivimbe kilichojifungia hakifanyi kitu, zaidi ya kukukumbusha usishike.

Dawa ya meno hubabua. Limao nalo ni asidi kali, na likipigwa jua juu ya ngozi linaweza kuunguza na kuacha baka jeusi kubwa kuliko chunusi yenyewe.

Kama kuna kivimbe kikubwa na tukio liko mlangoni, daktari wa ngozi anaweza kukidunga triamsinoloni, aina ya steroidi, iliyopunguzwa makali. Hushuka ndani ya siku moja hadi tatu. Ikidungwa kali mno ngozi hubonyea, kwa hiyo si ya kudungwa na yeyote tu.

Hatua ya 6: Krimu zikishindwa

Ukiwa umefuata ratiba kwa wiki 12 na namba hazijashuka, au kama tangu mwanzo chunusi zako ni kubwa na zinaacha makovu ya kubonyea, usinunue krimu ya nne. Muone daktari, na kama makovu yameshaanza, muone leo bila kusubiri hizo wiki 12. Nenda na daftari na picha. Zitafupisha mazungumzo kwa nusu.

Vidonge vya uzazi wa mpango vya mchanganyiko vinafaa kwa anayehitaji kuzuia mimba pia. Vipe mizunguko mitatu hadi sita. Havifai kwa mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, mwenye shinikizo la damu lililopanda, au aliyewahi kuganda damu mshipani.

Spironolaktoni ni dawa ya zamani ya presha inayozuia androjeni zisishike kwenye tezi. Katika jaribio lililofanywa Uingereza na Wales kwa wanawake 410 na kuchapishwa 2023, waliopangiwa dawa walipewa miligramu 50 kwa siku kwa wiki 6, kisha 100. Wiki ya 12 tofauti na waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa, ilikuwa ndogo: asilimia 72 waliona nafuu dhidi ya 68. Wiki ya 24 pengo likafunguka: 82 dhidi ya 63. Ukiiacha mwezi wa tatu kwa kukata tamaa umeiacha palepale ilipokuwa inaanza kazi. Inaweza kuvuruga hedhi, kuumiza matiti, kukupeleka haja ndogo mara nyingi na kukupa kizunguzungu ukisimama ghafla. Haitumiwi kwenye ujauzito, kwani inaweza kuathiri ukuaji wa mtoto wa kiume tumboni. Mwenye tatizo la figo, au anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu, apimwe potasiamu kwanza.

Ipo pia klaskoteroni, krimu ya asilimia 1 inayozuia androjeni kwenye ngozi yenyewe, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Si kila mahali inapatikana.

Antibiotiki kama doksisaiklini hutuliza uvimbe mkali, lakini kwa muda: miezi mitatu, nne ikizidi sana, na kila mara pamoja na benzoili peroksidi ili bakteria wasizoee. Imeze na glasi nzima ya maji na usilale kwa nusu saa, la sivyo inachoma koo. Antibiotiki ya kupaka peke yake, miezi nenda miezi rudi, ni kosa linaloandikwa mpaka na wahudumu wa afya.

Isotretinoini, retinoidi ya kumeza, ni ya chunusi sugu au zenye makovu. Inalemaza mtoto tumboni, hivyo inahitaji kuzuia mimba kwa uhakika kuanzia mwezi mmoja kabla, wakati wote wa dawa, na mwezi mmoja baada, pamoja na vipimo vya mimba. Usinunue ya mkononi wala usigawane na shoga yako.

Ukiwa mjamzito au unatafuta mimba

Acha retinoidi zote za kupaka, spironolaktoni, doksisaiklini na, bila mjadala, isotretinoini. Unabaki na asidi ya azelaiki, benzoili peroksidi, na asidi ya salisiliki kwa eneo dogo. Unayetafuta mimba panga mabadiliko haya kabla ya kuacha kuzuia. Ukisubiri kukosa hedhi, mtoto ameshaanza kujengeka. Kwa anayenyonyesha, muulize daktari dawa kwa dawa, na usipake kitu mahali mtoto anapogusisha mdomo.

Madoa yanayobaki

Doa bapa jeusi au la kahawia si kovu. Linafifia lenyewe kwa miezi, kwa ngozi nyeusi hata mwaka. Adapalini na asidi ya azelaiki ulizokwisha kuzianza ndizo zinazoharakisha, na losheni ya jua yenye rangi ndiyo inayozuia lisikolee tena. Haidrokwinoni, dawa ya kupaka ya kufifisha weusi, itumike kwa usimamizi wa daktari na kwa miezi ya kuhesabika, maana ikikaa sana inaweza kuleta weusi wa bluu usiotoka. Shimo au uvimbe mgumu ndilo kovu, na hilo linashughulikiwa na daktari baada ya chunusi kunyamaza kwa miezi kadhaa.

Kidevu kikishatulia

Usiache vyote siku moja. Tezi bado ni zilezile na mzunguko ni uleule. Ondoa kwanza benzoili peroksidi, ukipunguza hadi mara tatu kwa wiki, kisha uitumie tu siku kumi kabla ya hedhi. Subiri mizunguko miwili huku ukihesabu. Namba ikikaa chini, punguza adapalini hadi usiku tatu kwa wiki na ubaki hapo. Spironolaktoni hupunguzwa na daktari hatua kwa hatua. Wengi chunusi huwarudia wakiikata ghafla. Zikirudi, panda daraja moja kwenye ratiba ileile, na uipe tena wiki 12.